Kinachotoka Kimetoka kwa Kasi Gani?

Tabora ni njia panda ya reli. Treni inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma ikifika hapa hugawanyika: mabehewa ya Kigoma huendelea magharibi, ya Mwanza hugeuka kaskazini. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912, ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Mtu aliyekulia Kitete, hapa Tabora, hahitaji kuambiwa mlio wa mabehewa yanapopangwa upya. Injini hulisukuma behewa, kisha huliachia, nalo huteleza peke yake juu ya reli hadi liyagonge mengine.

Tulichukue behewa moja la namna hiyo. Liwe la wazi, lisilo na paa, tupu, lenye uzito wa tani 20. Linateleza kwa mita 5 kwa sekunde, sawa na kilomita 18 kwa saa, yaani mwendo wa mpanda baiskeli asiye na haraka. Msuguano wa magurudumu na upepo tuuweke kando kwa sasa, kama wafanyavyo walimu wa fizikia, ili jambo lenyewe lionekane wazi. Halafu mvua inashuka, mvua ile ya masika ya Unyamwezi inayoanguka wima na kwa wingi. Sakafu ya behewa ina mita za mraba 30 hivi. Mvua ya milimita 33 ikitua humo, behewa limebeba karibu tani moja ya maji ambayo halikuwa nayo.

Litakwenda kwa kasi gani?

Litapunguza mwendo. Kila tone lililotua ndani lilikuja kutoka juu, halikuwa na safari ya kwenda mbele hata kidogo. Behewa lililazimika kuliburuta hadi lipate kasi ya behewa lenyewe, na gharama ya kuburuta huko imelipwa kwa mwendo wa behewa. Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha tani 20 kwa mita 5, unapata 100. Gawanya kwa tani 21 za sasa, jibu ni mita 4.76 kwa sekunde. Kile kilichobaki bila kubadilika, yaani tungamo mara kasi, wanafizikia wanakiita momenta, nacho ndicho uti wa mgongo wa habari hii yote. Neno tungamo hapa lina maana ya wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, ule tunaoupima kwa kilo na tani.

Hadi hapo watu wengi wanakubaliana. Ugomvi huanza mvua inapokatika. Tuseme kuna tundu sakafuni, likazibuliwa, maji yakaanza kudondoka katikati ya reli mpaka behewa likawa tupu tena. Je, litarudia mita 5 kwa sekunde lilizokuwa nazo mwanzo?

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wengi watajibu ndiyo, na watatoa hoja inayosikika kuwa ya kitaalamu kabisa. Momenta haibadiliki pasipo kani ya nje, watasema. Tungamo limepungua, basi kasi lazima ipande ili zao la viwili hivyo libaki lilelile. Hoja hiyo ina umbo la sheria ya pili ya Newton, imeandikwa kwa herufi zilezile, na imewapoteza hata waandishi wa vitabu vya vyuo vikuu. Lakini si kweli. Behewa litabaki na mita 4.76 kwa sekunde hadi tone la mwisho.

Njia bora ya kuiona kasoro hiyo ni kumweka mpanda baiskeli pembeni ya reli, apige pedali kwa mita 4.76 kwa sekunde, sambamba na behewa. Kwa macho yake behewa limetulia. Halimkaribii wala halimwachi. Anaona tundu chini yake na maji yakishuka wima kutoka humo, yakianguka moja kwa moja kuelekea kwenye mataruma. Kitu kilichosimama, ambacho maji yanakitoka kwa chini tu, kitapata wapi sababu ya kuchomoka kwenda mbele? Hakuna aliyekisukuma. Maji yaliyotoka yaliondoka na kasi ileile ya behewa, yakachukua fungu lake la momenta yakaenda nalo, na fungu la behewa likabaki kama lilivyokuwa. Yule mwanafunzi aliyasahau maji yaliyodondoka. Alifanya hesabu kana kwamba momenta yote ilibaki ndani ya behewa huku maji yakiondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo mvua iliyoingia na maji yaliyotoka ni tani ileile moja, lakini kuingia kulipunguza mwendo na kutoka hakukuurudisha. Mtu anayependa fizikia hawezi kulipita jambo hili harakaharaka. Tungamo lilipanda kisha likashuka hadi lilipoanzia, na bado behewa halikurudi lilikotoka.

Aliyeliweka suala hili sawasawa kwa maandishi ni Mrusi Ivan Meshchersky, katika tasnifu yake ya mwaka 1897 mjini St Petersburg kuhusu mwendo wa kitu chenye tungamo linalobadilika. Kanuni yake inaweza kusemwa redioni bila ubao wala chaki. Chukua tungamo la chombo kwa dakika hiyohiyo, ulizidishe kwa mchapuko wake. Jibu litalingana na kani zote za nje, ukijumlisha na msukumo unaotokana na kile kinachoingia au kutoka. Msukumo huo nao ni kilo zinazopita kila sekunde, mara kasi yake ukiipima kwa mtu aliyemo ndani ya chombo. Kipimo hicho cha mwisho ndicho chenye kazi. Maji ya tunduni, kwa mtu aliye ndani ya behewa, hayana kasi ya kwenda mbele wala nyuma, basi msukumo wake ni sifuri hata zikimwagika tani mia. Matone ya mvua, kwa mtu huyohuyo, yanaonekana yakija usoni kwa mita 5 kwa sekunde, ndiyo maana yanalizuia behewa.

Je, kama kinachotoka kinatoka kwa nguvu kuelekea nyuma?

Hapo tuingie hospitalini. Kitete ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, na katika hospitali yoyote ya kiwango hicho kuna mitungi ya oksijeni. Kanuni ya usalama inataka mtungi mkubwa usimame wima na kufungwa mnyororo ukutani au kwenye kitoroli chake, na kifuniko cha valvu kiwepo mtungi unapohamishwa. Wapo wanaodhani mnyororo ule ni wa kuzuia wizi. Mtungi wa lita 6,800 ukijaa una uzito wa kilo 78 hivi, na ukiisha ni kilo 69. Oksijeni yote iliyomo ni kilo 9 tu. Lakini imeshindiliwa kwa kanieneo mara 130 na zaidi ya ile ya hewa tunayovuta. Mtungi ukianguka na shingo ya valvu ikakatika, kilo hizo 9 zitatafuta njia kwa pamoja kupitia tundu dogo. Tukikadiria kwa uangalifu kwamba gesi inatoka kwa mita 300 kwa sekunde, na tukiacha msuguano wa sakafu, mtungi utaishia kwenye mwendo unaozidi kilomita 130 kwa saa. Chuma cha kilo 69, ndani ya korido yenye wagonjwa. Ajali za mitungi ya gesi iliyotoboa kuta zimeshatokea sehemu nyingi duniani, na kila muuguzi au mhudumu anayekagua mnyororo ule kabla ya kuondoka zamu anafanya kazi ya kuokoa maisha, hata kama hakuna anayemshukuru.

Linganisha sasa. Tani nzima ya maji ilitoka kwenye behewa na haikulisukuma hata kidogo. Kilo 9 za oksijeni zinarusha chuma kizito zaidi ya mara saba na nusu kuliko zenyewe.

Mtu akiutaka msukumo huo kwa makusudi, anaunda roketi, na Afrika Mashariki ina historia yake ya roketi ambayo haisimuliwi vya kutosha. Katika maji ya Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya bahari: San Marco ya kurushia roketi, na Santa Rita ya kuongozea. Satelaiti ya kwanza iliruka hapo Aprili 1967. Walipachagua kwa sababu ni jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unakizawadia chombo zaidi ya mita 460 kwa sekunde kuelekea mashariki kabla hata moto haujawashwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilipaa kutoka San Marco ikiwa na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa Marekani, aliipa satelaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi ya uchunguzi wa eksirei ilimpatia Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sasa tazama mizani yake. Roketi ilipokuwa bado imesimama jukwaani ilikuwa na zaidi ya tani 17. Satelaiti iliyofika ilikuwa na kilo 141 hivi. Kwa kila kilo moja iliyobaki ikizunguka dunia, zaidi ya kilo 120 ziliondoka Malindi na kuachwa njiani, nyingi zikiwa moshi.

Sababu ya uwiano huo mkali aliieleza Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, Urusi, aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia tangu utotoni. Makala yake yalichapishwa mwaka 1903. Tuseme gesi inatoka nyuma ya roketi kwa kilomita 2.5 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa fueli kavu. Ili roketi yenyewe ipate kasi kama hiyo ya kilomita 2.5, lazima ianze na uzito mara 2.7 ya ule itakaobaki nao. Ikitaka kilomita 5, si mara mbili ya hapo. Ni mara 7.4. Ikitaka 7.5, ni mara 20. Na chombo cha kuzunguka dunia kinahitaji karibu kilomita 8, ukiongeza ziada ya kushindana na mvutano wa dunia na hewa. Fueli ya mwisho lazima ibebwe na fueli ya kabla yake, nayo ibebwe na ya kabla yake tena. Ndiyo sababu Scout ilikuwa na hatua nne, na kila hatua ikishaungua ganda lake lilitupwa, kwa kuwa kubeba chupa tupu ni hasara.

Wanyamwezi waliijua nusu ya hesabu hii karne nzima kabla ya San Marco, nao waliijua mabegani.

Mpagazi wa msafara wa pwani alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, uwe pembe za ndovu za kwenda Bagamoyo au vitambaa na shanga za kuja bara. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, karibu kilo 0.7. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Piga hesabu: siku 130 kwa kibaba ni zaidi ya kilo 90 kwa mtu mmoja. Mzigo wa kilo 30 za nafaka ungemlisha yeye mwenyewe siku 42 tu, asiwe amebeba kitu kingine chochote. Ukimwongezea mwenzake wa kumbebea chakula, huyo naye anakula. Hakuna idadi ya wapagazi ambayo ingeuwezesha msafara kubeba chakula chake chote kutoka Bagamoyo hadi Kazeh. Kwa hiyo walinunua njiani, kijiji kwa kijiji, kwa vitambaa na shanga, na kulipa hongo walipopita kwa watemi wa Ugogo. Mahali palipowatia hofu palikuwa Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, kwa sababu pale hapakuwa na wa kumuuzia mtu chakula na maji yalikuwa ya shida. Hapo ndipo nafaka ya siku zote za kuvuka ilibidi ibebwe, juu ya mzigo ambao tayari ulikuwa mzito.

Roketi inasafiri katika Mgunda Mkali usio na mwisho. Haina pa kununua chochote, hata hewa ya kuchomea fueli inaibeba yenyewe. Ndege iko upande wa pili: injini zake huvuta oksijeni kutoka hewani safari nzima, kwa hiyo hubeba mafuta peke yake. Hata hivyo mzigo ni mkubwa. Boeing 787-8, aina ya Dreamliner ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, ina matangi yanayochukua lita 126,000 hivi za mafuta, zaidi ya tani 100, ilhali uzito wake wa juu wa kurukia ni karibu tani 228. Kadiri inavyoungua ndivyo inavyokuwa nyepesi, na rubani wa safari ndefu hupandisha ndege hatua kwa hatua kwenye hewa nyembamba zaidi.

Lakini tahadhari kidogo. Msafara uliokula nafaka yake ulikwenda kwa wepesi zaidi kwa sababu miguu ileile ilibeba kidogo; chakula kilicholiwa hakikuwasukuma. Kani ile ile juu ya tungamo dogo zaidi ni jambo moja. Msukumo wa kinachotoka ni jambo jingine. Kuchanganya mawili hayo ndiko kulikomponza mwanafunzi wa behewa.

Kuna chombo kingine ambacho kupungua kwake kulikaribia kukiua, na kilikuwa njiani kuja nchi hii. Tarehe 19 Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na Wajerumani wakaipoteza Reli ya Kati. Jeshi la Kijerumani chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck likasogezwa kusini, bila njia ya kupata dawa wala risasi. Ujerumani ikaamua kumpelekea kwa njia ya anga. Novemba 21, 1917, meli-anga L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya nahodha Ludwig Bockholt, ikiwa na tani 15 hivi za mizigo. Haikutarajiwa kurudi, hata kitambaa cha mwili wake kilipangwa kushonwa mahema na nguo. Meli ya namna hiyo huelea kwa haidrojeni, na salama yake yote iko kwenye ulinganifu wa uzito na gesi. Kila tani ya mafuta iliyoungua iliifanya itake kupanda. Jua la jangwani lilipasha gesi moto, ikapanuka, nyingine ikaachiwa nje. Usiku ukaingia na baridi yake, gesi iliyobaki ikasinyaa, na meli ikaanza kushuka kwa hatari hadi wahudumu wakatupa uzito ili wainusuru. Walikuwa wamefika magharibi ya Khartoum amri ya kurudi ilipowapata kwa redio. Walitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita zipatazo 6,750, bila kuiona Afrika ya Mashariki.

Injini za mvuke za reli zetu nazo zilipungua uzito njiani. Maji yaligeuzwa mvuke yakatoka na moshi kupitia bomba, kuelekea juu, kwa hiyo hayakusaidia kusukuma treni mbele wala kuirudisha. Tatizo lake lilikuwa kwingine, na linaonekana vizuri ukisimama mbele ya zile Garratt za aina ya 59 zilizofanya kazi njia ya Mombasa na Nairobi, zilizopewa majina ya milima. Mount Gelai bado ipo makumbusho ya reli Nairobi. Mwili wake ni vipande vitatu: bwela katikati, na matangi ya maji na mafuta yamekaa juu ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Uzito wa maji hayo ndio uliokuwa ukiyabana magurudumu kwenye reli. Maji yalivyopungua, mbano ulipungua, na magurudumu yaliweza kuteleza kwenye mlima wakati ambapo dereva aliuhitaji mshiko zaidi. Wahandisi wakati huo waliijua kasoro hiyo vizuri, na ilikuwa bei ya kupata injini ndefu, yenye nguvu nyingi, isiyoivunja reli nyembamba ya mita moja.

Tabora sasa inasubiri reli mpya ya kisasa, SGR, kwa vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na Tabora hadi Kigoma. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni hizo zilianza kubeba abiria mwaka 2024. Zinatumia umeme wa nyaya za juu, kwa hiyo injini haina tangi la kuisha njiani: treni inafika na tungamo lilelile iliyoondoka nalo, isipokuwa abiria walioshuka na kupanda, ambao hufanya hivyo treni ikiwa imesimama na hivyo hawaongezi wala kupunguza mwendo wake. Kinachochomwa kwa ajili ya safari kiko kwenye mitambo ya gesi Kinyerezi, na kinachomwagika ni maji ya Rufiji yanayopita kwenye mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, mamia ya kilomita kutoka stesheni ya Tabora.